Barua Nne Kwenda Tabora

Nakala za barua zile bado ninazo. Ni karatasi nyembamba, zimegeuka rangi ya chai, na maandishi ya kaboni yamefifia pembeni. Nilizipiga mwenyewe kwa taipureta, kwa vidole viwili, katika chumba kimoja karibu na stesheni ya Mpanda. Ilikuwa miaka ya sabini, na mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha warina asali. Zote nne nilimwandikia mtu mmoja, mzee aliyekuwa na duka la asali na nta Tabora. Hakujibu hata moja. Kwa miaka mingi nimesimulia habari hiyo kama kisa cha mfanyabiashara mwenye dharau. Sasa nataka kuisimulia ilivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, akanilea mdogo wake, ambaye nilimwita baba mdogo mbele ya watu na baba tukiwa wawili. Alikuwa mrina asali tangu ujana. Kila mwaka, mahindi yakishaingia ndani, yeye na wenzake kumi walipanda baiskeli wakaenda Ugalla, ambako mizinga yao ilining'inia katika miyombo, wakakaa porini kama miezi miwili, wakarudi kabla ya mvua. Asali yao ilikwenda kwa yule mzee wa Tabora tangu kabla ya Uhuru. Watu walipohimizwa kufanya kazi kwa vikundi, na wao wakawa kikundi, na kikundi kikahitaji mtu wa kuandika. Mtu mwenye sekondari katika ukoo wetu alikuwa mimi peke yangu.

Mwaka ule wa kwanza, asubuhi ya kuondoka kwao, baba mdogo alinipa kibuyu kidogo cha asali ya mwanzo, iliyotoka kwenye mizinga yake ya karibu na nyumbani. Mdomo wake alikuwa ameuziba kwa nta na kuupiga muhuri kwa kidole gumba.

"Kipandishe treni," akasema, "kimfikie mzee wa Tabora. Yeye atajibu, hajawahi kuacha. Akishajibu, usikae na jibu lake. Tuma mtu aje porini upesi."

Hakuniambia zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza. Lingekuwa swali la mara moja tu. Lakini nilikuwa katibu, na katibu nilimfahamu kuwa ni mtu anayejua.

Kibuyu nilimkabidhi gadi wa treni kama nilivyoagizwa. Nilifanya hivyo kwa haya kidogo, kwa maana shuleni tulikuwa tumefundishwa barua ya biashara inavyoandikwa: anwani mbili, tarehe, kumbukumbu namba, na mstari wa "Yahusu" uliopigiwa mstari chini. Kufanya biashara kwa kibuyu niliona ni mambo ya wazee wasiosoma. Basi pamoja na kibuyu nikatuma barua. Nilieleza rangi ya asali, kiasi tulichotarajia na wakati wa kuisafirisha, nikamalizia kwa kumtaka ajibu kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Niliisoma mara tatu kabla ya kuifunga. Ilinipendeza mno.

Kuanzia hapo kila treni ilipoingia nilikwenda posta. Sanduku letu lilikuwa tupu.

Juma la pili karani wa mizigo wa stesheni akaniita. Kulikuwa na mzigo wetu: madebe matupu ishirini na manne, yamesuguliwa kwa majivu mpaka yanang'aa, kila moja na kifuniko chake, yamefungwa kwa kamba za katani sita sita. Hati ya mzigo ilionyesha umetoka Tabora, na sahihi ya aliyeutuma ilikuwa kama kuku amepita.

"Ndugu Katibu," karani akasema, "mnafungua kituo cha mafuta ya taa?"

Nikacheka, nikasaini. Nilidhani baba mdogo alikuwa ameagiza vyombo vya kikundi, maana alikuwa na mambo mengi asiyonieleza. Tulipokuwa tunayahesabu, ndani ya debe moja nikakuta msokoto wa tumbaku umefungwa kwa kipande cha gazeti. Nilifikiri ni wa mtu wa reli aliyeusahau humo. Nikampa hamali aliyenisaidia kubeba. Akaunusa palepale na kuniombea maisha marefu. Maisha marefu kweli nimeyapata.

Madebe nikayapanga nyuma ya chumba changu, nikarudi kwenye taipureta kuandika barua ya pili.

Barua ya pili ilikuwa ya adabu. Nilimkumbusha barua ya kwanza, nikataja namba yake ya kumbukumbu. Ya tatu haikuwa ya adabu sana. Niliuliza kama ofisi yake ina utaratibu wa kujibu barua za wateja. Alikuwa hana ofisi. Alikuwa na duka lenye baraza na mizani.

Wakati huohuo mtaani kwetu tulikuwa tunajenga madarasa kwa kujitolea. Balozi wa nyumba kumi akapita kwangu akayaona madebe, akasema wafyatuzi wa matofali wanateka maji kwa sufuria za wake zao, na hapa madebe yamelala bila kazi. Ningemwambia nini? Siku zile mtu aliyekataa kitu cha namna hiyo alisemwa kwenye mkutano. Nikampa yote ishirini na manne. Nilimwambia ayarudishe masafi, naye akaniambia debe la maji haliwezi kuchafuka.

Siku chache baadaye mrina mmoja akaja kutoka porini. Alikuwa ameendesha baiskeli siku mbili, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hata maji hakunywa kwanza.

"Mzee wa Tabora amejibu?"

Nikamwambia bado, na kwamba nimeshaandika mara tatu. Akakaa kwenye kizingiti. Kisha akasema vibuyu vyote vimejaa, makasha ya magome yamejaa, mitungi imejaa, na asali nyingine wameiacha mizingani kwa kukosa jibu. Nikashangaa kidogo jibu la mtu aliyeko Tabora linazuiaje kurina asali Ugalla, lakini sikutaka kuonekana sielewi. Nikamwonyesha nakala za barua. Hakujua kusoma. Aliipapasa mihuri ya kikundi kwa kidole.

"Ndugu Katibu, barua zako nzito hizi. Mtu akipata barua kama hii atakimbia kujificha, ataijibu saa ngapi?"

Alipokuwa anapanda baiskeli akaongeza kwamba njiani amewaona watu wa shule wana madebe mazuri, wangekuwa warina wangeringa. Neno lake nililisikia vizuri. Kama ningemwambia hapo kwamba madebe yale ni ya kikundi, yametoka Tabora kwa treni, angeelewa kabla sijamaliza kusema, na asali ingali inaokoleka. Sikumwambia. Niliona aibu kwamba nimeazima vyombo vya kikundi bila ruhusa, nikapanga kuyarudisha kimyakimya kabla wenyewe hawajaja. Kutojua huenda ningesamehewa. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Usiku ule nilipiga barua ya nne. Nakala yake iko mbele yangu ninapoandika haya. "Kwa kuwa umeonyesha huna nia ya kufanya biashara na kikundi chetu, tunakujulisha kwamba kuanzia sasa tutatafuta mnunuzi mwingine." Lile "tunakujulisha" nililiona lina uzito wa serikali. Nikaipeleka posta asubuhi kabla treni haijaondoka.

Walirudi mawingu yakiwa yameanza kukaa. Walikuja wakisukuma baiskeli, hakuna aliyeweza kupanda, kwa jinsi vibuyu na makasha ya magome yalivyofungwa kila upande. Asali ilikuwa inachuruzika kwenye vyuma, na nyuki wachache walikuwa wamewafuata mpaka mjini. Wengine walikwenda makwao moja kwa moja. Baba mdogo alikuja kwangu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akaniuliza lilelile la mrina mwenzake.

"Hajajibu, baba," nikasema. "Nimeandika barua nne."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta ugonjwa usoni kwa mtoto.

"Madebe hayakuja?"

Nilikaa. Sijui kama niliketi kwenye kiti au kwenye kitanda.

"Yalikuja."

"Mangapi?"

"Ishirini na manne."

"Ishirini na manne," akarudia polepole. "Mwaka jana alileta kumi na sita. Ameipenda asali." Kisha akauliza, "Na tumbaku ilikuwemo?"

Akanieleza hapo, bila kupandisha sauti, jambo ambalo kila mtu katika kikundi alilijua isipokuwa katibu wao. Kibuyu ndilo swali. Mzee wa Tabora akiionja asali na kuitaka, anajibu kwa madebe, na hesabu ya madebe ndiyo hesabu ya asali anayoitaka. Madebe yanapelekwa porini, asali inamiminwa humo kambini, vifuniko vinazibwa kwa nta, mzigo unapanda treni. Tumbaku ni salamu yake kwa baba mdogo, mtu na mtu, haihusu biashara. Karatasi hawakuwahi kutumiana hata siku moja.

Tulikwenda wote wawili kwenye matofali. Madebe tuliyapata kumi na tisa. Mengine yalikuwa yametobolewa vitako, mengine yamekorogewa chokaa ya kupaka ukuta. Baba mdogo alinusa moja, akaliweka chini taratibu. Asali hushika harufu ya chombo chake. Hakuna debe hata moja ambalo lingefaa.

Kikundi kilikutana Jumapili baada ya kanisa. Mmoja akauliza kwa nini mzee wa Tabora amewatupa mwaka huu. Mimi nilikuwa na daftari la kumbukumbu mapajani. Nikasema kwamba nimemwandikia mara nne na hajajibu, kauli ambayo ilikuwa kweli na ilikuwa uongo. Wakaanza kumsema: ameshiba, uzee umemharibu, amepata warina wengine. Baba mdogo alikuwa amekaa upande wa mlango. Nilingoja aseme. Alisema tu kwamba yeye ndiye mwenye kosa, hakufuatilia, na akaomba wamwache mzee yule. Nikayaandika hayo kwenye daftari kama alivyoyasema, kwa mwandiko mzuri.

Kisha akaniambia tunakwenda Tabora.

Mzee wa duka alitupokea vizuri, akatuletea viti barazani. Alikuwa mfupi, kikoi kiunoni, macho yameanza ukungu. Alieleza kwamba hakujua kusoma, barua zangu alisomewa na fundi cherehani wa jirani, palepale barazani, wateja wakisikiliza. Ya kwanza ilimfurahisha, kuona mtoto wa rafiki yake amesoma. Ya pili ilimchanganya, maana madebe yalikuwa yameshaondoka, akaenda kumuuliza gadi, naye akamwambia katibu mwenyewe alisaini. Ya tatu watu walicheka. Ya nne hakuna aliyecheka.

Hakuwa akizungumza na mimi, alimwambia baba mdogo:

"Mimi nilijibu, ndugu yangu. Nikakaa hapa nikingoja. Kijana wako ndiye hakunijibu."

Baba mdogo akasema ni kweli. Mimi nikaomba radhi, kwa maneno mengi kupita kiasi, nadhani hata "tunasikitika" nilisema, kama vile tulikuwa wengi. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema asali ya mwaka ule ameshachukua kwa watu wengine, maana biashara hailali njaa. Akampa baba mdogo msokoto wa tumbaku. Kwenye treni ya kurudi baba mdogo aliushika mkononi mpaka Kaliua, ndipo akautia mfukoni.

Asali ile tuliigawana. Iliyokuwa kwenye mitungi iliingiwa na unyevu mvua zilipoanza, ikachacha, wake wa warina wakaitengeneza pombe, na kwa muda wa mwezi mmoja mtaa wetu ulikuwa na furaha isiyokuwa na sababu nzuri. Nta iliuzwa kwa watu wapita njia. Watatu katika kikundi hawakurudi tena Ugalla.

Mwaka uliofuata baba mdogo alinipa kibuyu tena. Mara hii sikuandika chochote. Nilimkabidhi gadi, nikaacha kwenda posta, nikawa nakwenda stesheni. Treni ya kwanza haikuwa na kitu, wala ya pili. Treni ya tatu karani wa mizigo akaniita. Hakukuwa na madebe. Kulikuwa na kibuyu chetu, kimefungwa kwenye kipande cha gunia. Nilikigeuza mdomo. Nta ilikuwa ileile, na alama ya kidole gumba cha baba mdogo iko palepale, haijaguswa.

Mwaka ule wenzake walikuwa wametangulia porini naye alikuwa amebaki nyumbani, akingoja. Alikuwa uani akinoa panga. Aliniona nikija, akaendelea kunoa.

"Amejibu?"

"Amejibu," nikasema, nikampa kibuyu.

Alikishika akakiangalia mdomoni. Wale warina wengine karibu wote wameshakufa, na walikufa wakiamini kwamba mzee wa Tabora aliwadharau. Sikuwahi kuwaambia, na baba mdogo hakuwahi kunilazimisha. Siku ile alichukua ncha ya panga, akaitoboa nta, akamwita mama mdogo alete ugali uliobaki.

"Tule," akasema. "Isije ikachacha na hii."