Mama Mkubwa Alipopewa Kipaza Sauti

Kwetu mtu mzima hasimami mbele za watu akaanza tu kusema. Kwanza anajieleza: yeye ni mtoto wa nani, kitovu chake kimezikwa wapi, ameolewa kwa akina nani, na watoto wake amewazalia wapi. Akimaliza ananyamaza. Kama mtoto wake yupo pale, mtoto ndiye anayeitika: anakunja magoti kidogo, anapinda viganja kama anayekinga maji, anavigonganisha taratibu, karibu bila sauti. Hapo watu wanajua kwamba aliyesema ana watu wake. Neno lililomsimamisha ndipo linapoanza. Nimeyaona hayo misibani na kwenye posa. Nimeyaona hata kwenye kikao cha wazazi shuleni Tunduma, mwalimu mgeni kutoka Pwani akitazama saa yake huku baba mmoja akipanda ukoo mpaka kwa bibi wa bibi, kisha akauliza kama sare zimefika.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alijua kujieleza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Hakuharakisha. Alikuwa akimtaja bibi yetu kama anayefungua mlango wa nyumba yake na kutukaribisha ndani: mama wa nyumba ya mwisho kabla ya kijito, ng'ambo. Ng'ambo maana yake Zambia. Mgeni akisikia hivyo anafikiria safari ndefu. Kwetu ni kupita katikati ya malori yaliyosimama, kuvuka barabara, kusalimia watu kwa Kibemba badala ya Kiswahili, na kuendelea kutembea mpaka harufu ya dizeli inapoisha na mashamba yanapoanza. Bibi alizaliwa kule na alibaki kule. Mama mkubwa aliolewa upande huu. Ilipofika zamu ya kuzaa mtoto wa kwanza alirudi kwa mama yake, kama wanawake wote wa ukoo wetu, akamzaa dada yangu mkubwa. Ninamwita dada yangu ingawa si wa tumbo moja, maana sina neno jingine kwake.

Dada alikwenda ng'ambo akiwa tumboni, akarudi akiwa mgongoni. Cheti chake cha kuzaliwa, kilichotafutwa alipokuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, kiliandikwa kuwa alizaliwa Tunduma. Hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wana vyeti vya namna hiyo.

Jambo hilo lilikaa kimya miaka yote mpaka dada alipopata ufadhili wa kusoma shahada ya pili ya historia nje ya nchi. Akahitaji pasipoti. Fomu yake ilirudia kile kilichokuwa kwenye cheti, na akaitwa kwenye usaili wa uhamiaji Jumatatu moja. Wasiwasi ukamwingia kama homa. Alisoma kila alichoweza kukipata kuhusu uraia, na kila alivyozidi kusoma ndivyo alivyozidi kukosa usingizi. Aliogopa kwamba neno moja la mahali pa kuzaliwa likigundulika kuwa si sahihi, watauliza la pili, kisha la tatu, mpaka wafike kwa mama yake ambaye naye alizaliwa katika nyumba ile ile ya mwisho kabla ya kijito.

Wakati huo alikuwa msaidizi wa wahadhiri katika chuo kikuu kilichoko njia ya Mbeya, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuendesha mihadhara ya wazi. Mara moja kwa mwezi, Alhamisi mchana, chuo kilifungua ukumbi kwa yeyote anayetaka kusikia habari za historia na mambo ya nchi za nje. Nilikuwa nikienda kutoka Tunduma kila nilipoweza. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya pili na haikuwa ikienda, na pale ukumbini, kati ya viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikilia kama mlango mbovu, nilihisi dunia ikinisogelea. Tulisikia habari za vita vya mbali, za reli na waliozijenga, za madeni ya mataifa. Nilitoka pale nikitembea kama nisiyekanyaga chini. Dada alinicheka. Alisema nasikiliza mhadhara kama wengine wanavyosikiliza kwaya.

Mhadhara uliotangulia usaili wake, siku chache tu kabla ya Jumatatu ile, ulihusu mipaka. Mzungumzaji alikuwa balozi mstaafu kutoka Dar es Salaam. Dada alikuja nyumbani wikendi, akatutajia mada. Mama mkubwa alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachambua maharage.

"Nakuja," alisema, bila kuinua macho.

"Mama, siku hiyo watu wa uhamiaji wamealikwa. Watakaa mbele kabisa."

"Wakae. Nao wana mama zao."

"Nina usaili Jumatatu. Unajua fomu yangu inasema nini."

"Najua inachosema. Nakuja na swali langu moja, nimuulize huyo balozi wako, nirudi kwenye maharage yangu."

"Swali tu?"

"Swali tu. Nimezeeka, sijawa mjinga."

Sote tulilijua swali lake. Mwaka ule wa korona, mpaka wa Zambia ulipofungwa, bibi alifariki. Mama mkubwa alikwenda na kanga kichwani, akasimama kwenye kizuizi upande wetu. Wadogo zake walikuja wakasimama upande ule. Waliweza kuonana. Mwaka mwingine wowote angepita njia za mashambani, lakini safari hii njia hizo nazo zilikuwa na askari. Walimzika bibi mchana ule bila mtoto wake mkubwa, ambaye kwetu ndiye anayepaswa kutupa udongo wa kwanza. Mama mkubwa alirudi nyumbani akafua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Sasa alitaka kumuuliza mtu aliyewahi kukaa na wakubwa wa nchi mbili: mpaka ukifungwa tena, aliyefiwa anapita wapi?

Dada aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Nitakupa nafasi," alisema. "Lakini mama, swali tu."

Alhamisi hiyo ukumbi ulijaa. Mama mkubwa alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vilivyombana. Tulikaa mstari wa kati. Mbele walikaa wakuu wa idara, mchungaji, na ofisa wa uhamiaji akiwa na sare yake, kijana kuliko nilivyotarajia, mwenye uso wa mtu aliyekuja kwa sababu ametumwa. Dada alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, amependeza na amekonda.

Balozi alijua kusema. Alionyesha ramani ukutani, akaeleza jinsi Wajerumani na Waingereza walivyogawana nchi ambayo hawakuwahi kuitembelea, huku mto ukikatwa hapa na ukoo ukikatwa pale. Alitia mzaha kila baada ya maneno machache, na wanafunzi walicheka mpaka viti vikalia. Nami nilicheka. Mama mkubwa alinigusa kiwiko.

"Huyu anafurahia nini?"

"Anasimulia tu, mama mkubwa."

"Mbona kama anasimulia harusi yake?"

Zikaja zamu za maswali. Kijana wa kwanza alihutubia mpaka sauti ikatoka nyuma, "Swali, ndugu yangu, swali, si kampeni." Wa pili aliuliza habari za umoja wa Afrika, akajibiwa kwa mzaha mwingine. Kisha dada akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akamkabidhi mama yake kipaza sauti. Walitazamana kidogo. Dada alirudi nyuma hatua chache akasimama pale pale kwenye njia, tayari kukipokea tena.

Mama mkubwa alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akawa na haraka ile ile aliyo nayo siku zote, yaani hakuna.

"Mimi ni mtoto wa mama wa nyumba ya mwisho kabla ya kijito, ng'ambo," alianza. "Kitovu changu kiko kule, nyuma ya jiko lake. Nimeolewa Tunduma, kwa watu wanaolima na kuuza. Huyu aliyenipa chombo hiki ni mwanangu wa kwanza. Nilimzalia kwa mama yangu, na kitovu chake kiko nyuma ya jiko lile lile."

Akanyamaza.

Wengine ukumbini walidhani amesahau alichotaka kusema. Mtu mmoja akasema kwa upole, "Endelea, mama." Lakini sisi wa huku, na tulikuwa wengi, tulijua anachosubiri, na vichwa vikamgeukia dada. Ofisa wa uhamiaji naye aligeuka. Sijui kama aligeuka kwa sababu amesikia au kwa sababu kila mtu amegeuka. Mkononi alikuwa na simu yake, na mwanga wake ulikuwa bado unawaka.

Nilimwona dada. Goti lake lilianza kukunjika. Viganja vyake vilikaribiana mbele ya kifua, nikaona vidole vikijipinda. Kisha mikono ikashuka ikajificha nyuma ya mgongo.

"Asante, mama," alisema. "Tafadhali uliza swali lako."

Neno mama alilisema kama linavyosemwa kwenye dirisha la ofisi, kwa mwanamke yeyote aliye kwenye foleni.

Aliyejieleza akakosa kuitikiwa hana neno tena. Si kwamba amekatazwa. Ni kwamba asiye na watu wake ni kama hayupo pale. Mama mkubwa aliendelea kusimama kidogo, kama aliyesikia kitu nje ya jengo. Halafu akamnyooshea dada kipaza sauti.

"Sina swali," alisema, akakaa.

Wanafunzi wakacheka, si kwa ubaya, na baadhi wakampigia makofi ya kumpa moyo. Balozi akainuka akasema, "Mnaona? Mama huyu ametupa mhadhara mzima kwa maneno machache. Mipaka iko kwenye ramani, haiko kwa watu." Ukumbi ukashangilia kwa nguvu. Mama mkubwa aliinama akavua viatu.

Baadaye kulikuwa na soda na sambusa uani. Dada alisimama kando yangu akishika chupa ambayo hakuinywa. Ofisa wa uhamiaji alipita akisalimia watu wazima mmoja mmoja, kama kijana aliyelelewa vizuri, akafika kwa mama mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umetoka mbali?"

Dada aligeuka kuwatazama. Mama mkubwa alimtazama yule kijana usoni.

"Tunduma," alisema.

Kijana alingoja, labda akidhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akamtakia safari njema, akaenda kwa mchungaji.

Jioni tulisimama barabarani tukisubiri gari la kurudi. Malori ya kwenda mpakani yalipita yakitupulizia vumbi. Dada alikuwa amebaki chuoni, alisema ana kazi.

"Alikuwa anaogopa, mama mkubwa," nilisema.

"Nilimwona. Mimi ndiye niliyemzaa, sihitaji kuelezwa."

"Ulisema utauliza swali tu."

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Kwani niliuliza nini? Nilikuwa bado nasalimia."

Gari likaja, nikamsaidia kupanda. Nimeandika vitabu viwili sasa, na bado sijapata jibu.

Jumatatu dada alikwenda kwenye usaili. Alikaa ndani muda mfupi. Alinipigia simu akiwa nje ya lango, sauti yake ikiwa tambarare kama anayesoma tangazo. Yule kijana hakuwepo. Mwingine alimuuliza kwao wapi, akasema Tunduma, akaulizwa shule aliyosoma, akataja, basi. Pasipoti ilitoka. Mpaka leo hatujui kama kulikuwa na kitu cha kuogopa. Dada hajui, na nadhani kutokujua ndiko kulikomuumiza zaidi. Siku ile alipokuja kutuonyesha kile kitabu kidogo, mama mkubwa alifuta mikono kwanza, akakishika, akaisifu picha, akamrudishia.

Kabla hajasafiri, nyumbani kulifanyika ibada ya kumuombea. Walikuja majirani na akina mama wa kwaya. Mama zetu wadogo wa ng'ambo walikuja na kuku wawili na mfuko wa sukari. Sebule haikutosha, watu wakakaa mpaka kwenye veranda. Baada ya somo, mchungaji alimwomba mzazi aseme neno.

Nilimwona dada akijiandaa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya mama yake. Alijisogeza, akapiga magoti kabisa, si kidogo kama desturi, akapinda viganja, akaviweka mbele ya kifua, akangoja. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alikuwa amengoja siku ile tangu Alhamisi ya ukumbini. Mama zetu wadogo walimwangalia kwa kuridhika. Mtoto amesoma, walionekana kusema, na bado anajua.

Mama mkubwa alisimama. Akakaza kitenge.

"Mimi natoka Tunduma," alisema. "Namshukuru Mungu kwa ajili ya huyu. Mchungaji, endelea."

Akakaa.

Mama mdogo mmoja aliinua kichwa kama aliyeitwa na mtu asiyemwona. Dada alibaki juu ya magoti, viganja vimepindwa, na hapakuwa na la kuitikia. Nilidhani atavishusha. Hakuvishusha. Alianza kuvigonganisha taratibu, karibu bila sauti, akimtazama mama yake ambaye alikuwa akitazama mlango.

Akina mama wa kwaya wakadhani anaanzisha wimbo, wakaupokea.