Filamu Nilizomsimulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoacha kuona kwa sababu ya kisukari, kitu cha kwanza alichotaka kiondolewe sebuleni ni televisheni. Alimwambia mkewe aiuze au aitupe, kwake ilikuwa sawa. Wifi yangu, Mkongo mwenye akili zake, aliifunika shuka, akaisukuma nyuma ya kabati, kisha akanipigia simu. "Dada, ata ku salon hatoke tena. Anabakiaka tu mu chambre."

Nilimwelewa: hata sebuleni hatoki tena, anashinda chumbani tu. Daktari alishasema wazi kwamba macho hayarudi. Mwalimu wa kumfundisha kutembea kwa fimbo alishagonga mlango wa ile fleti yao Adelphi, huku ughaibuni, mara kadhaa, na kila mara mdogo wangu alijifanya amelala. Siku macho yatakapofunguka, alisema, ndipo atakapotoka. Mimi kazi yangu ni kulea wazee, mji jirani wa Beltsville, na nimeshaona mtu anavyoisha kitandani bila ugonjwa unaoeleweka. Nikajisemea, huyu haishii chumbani mimi nikiwa hai.

Basi Jumapili, baada ya kanisa, nikamfuata chumbani kwake na kompyuta yangu na filamu zetu.

Nasema zetu kwa sababu ndizo tulizokua nazo. Morogoro, nyuma ya soko, palikuwa na banda la video, na humo mtafsiri alikaa kando ya skrini na kipaza sauti, akieleza kila kitu kwa Kiswahili juu ya maneno ya Wazungu. Kiingereza chenyewe hakukijua kivile. Akikwama, alitunga. Maiti wakifufuka aliwapa majina ya watu wa mtaani kwetu, nasi tukacheka huku miguu tumeipandisha kwenye benchi. Mama alituchapa kwa ajili ya lile banda, na tukarudi tena. Filamu za mapenzi hatukuzitaka. Tulitaka za kutisha, na zile za dunia iliyokwisha kuharibika, watu wanauana kwa ajili ya dumu la maji.

Mdogo wangu alikataa. "Dada, mimi nitaangalia nini?"

"Huangalii, unasikiliza. Mtafsiri ni mimi."

"Hujui."

"Sijui, lakini nimeshakaa kando ya skrini."

Ya kwanza ilikuwa ya kisima kinachorudisha watu waliozama. Nilisimulia vibaya mno. Nilichelewa, nilisema "anakuja, anakuja" bila kusema nani. Akanitukana kidogo, na mimi nikafurahi, maana tangu aache kuona alikuwa mpole kupita kiasi, na upole ule haukuwa wake. Kuiangalia upya kulinishangaza. Damu ilionekana wazi kuwa ni rangi, na mzimu uliotunyima usingizi utotoni ulikuwa umevaa saa ya mkononi. Nilipomwambia habari ya saa alicheka hadi mkewe akachungulia mlangoni.

Jumapili iliyofuata niliweka ile tuliyoipenda kuliko zote, ya fundi wa magari katika jiji linalotawaliwa na magenge. Kuna kitu nilikuwa nimekisahau. Katikati ya filamu genge moja linamkamata fundi na kumchoma macho. Niliona chuma kinawekwa motoni. Nikaisogeza filamu mbele, nikasema, "Basi, wamemwachia, anarudi kwake."

"Umeskip."

"Sijaskip kitu."

"Dada, hii filamu naijua kuliko wewe. Rudisha."

Nikarudisha. Nilimsimulia yote, chuma, moshi, makelele, sikumpunguzia hata kidogo. Machozi yalinitoka, lakini sauti niliishikilia. Kisha fundi, kitambaa kimefungwa machoni, anaanza kuvuka jiji peke yake.

"Anatembeaje?" akauliza.

"Haraka. Karibu anakimbia."

"Mikono?"

"Iko chini. Ameshika panga."

"Njiani kuna vifusi?"

"Tele. Anaviruka."

Aliguna. "Huyo mwigizaji mwongo. Sisi vipofu hatutembei hivyo."

Nikasimamisha filamu. Neno lile hakuwahi kulitamka, na katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Nikamjibu kwa ubishi, kama tulivyozoeana.

"Mnatembeaje, basi? Nionyeshe."

Aliteremsha miguu kitandani, akapapasa ndala, akapata moja, ya pili akaiacha. Akasimama, mkono mmoja mbele ya kifua, wa pili ukitafuta ukuta. Akajigonga kwenye kabati la nguo, akalitukana. Nilitaka kuruka nimshike. Nikaikalia mikono yangu, nikaikalia kwelikweli, mpaka vidole vikauma. Akaupata mlango, akapita koridoni polepole, kiganja kikiburuzika ukutani, hadi sebuleni ambako mkewe alikuwa akikunja nguo. Nikasikia kiti kikisogezwa ili apite. Na yeye akamwambia mkewe akirudishe pale kilipokuwa, atakikwepa mwenyewe.