Nilivyomwambia mama mkwe kwamba kazi yake ina kasoro, mimi nje ya ukuta yeye ndani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi humu ni msomaji, siyo mwandishi. Naandika polepole, elimu yangu ni darasa la saba, na haya, yaani aibu, ninayo tangu utotoni mpaka leo nina wajukuu. Mtanivumilia.

Juzi kijana mmoja ameuliza humu: amepewa umeneja, na chini yake kuna mtu mzima wa umri wa mama yake ambaye kazi yake inarudishwa kila mara. Anaogopa kumwambia. Wengi mmemshauri amwandikie barua ya onyo, wengine mmesema amtume mtu wa HR.

Nimekumbuka yangu. Yalinipata mwenyewe, na nitayasema yalivyokuwa. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa enzi za vijiji vya Ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa magharibi ya Tabora, ndani ya misitu ya miombo, na kazi yetu kubwa ilikuwa tumbaku. Shamba la pamoja, mabani ya pamoja, banda la kuchambulia la pamoja.

Kwa wasiojua: bani ni jengo refu kwenda juu, la matofali, ambamo majani ya tumbaku yanatundikwa na kukaushwa kwa moto. Yakishakauka yanapelekwa bandani, akina mama wanayapanga kwa rangi na ubora, kisha yanashindiliwa kuwa marobota.

Msimamizi wetu wa zamani alihamishiwa kijiji kingine. Wakanichagua mimi. Siyo kwa ujuzi. Mwandiko wangu ulisomeka, na kila robota lilitakiwa liwe na karatasi yenye jina la aliyelichambua.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Chini yangu walikuwa akina mama saba na mwanamume mmoja wa kushindilia marobota, Mzee Pazi, Mzaramo aliyekuja na reli akaoa kwetu akabaki.

Sasa sikilizeni balaa lilipo.

Wazee wangu walikuwa wamekwishapeleka posa kwa binti anaitwa Nyamizi. Posa imepokelewa, tunangoja mavuno yaishe. Mwezi haujapita, kijiji kikagawa kazi upya, na mama yake Nyamizi akaletwa kwenye banda langu.

Kwetu Unyamwezi wakati ule mkwe ni mtu wa kuogopwa hasa. Huli naye, hukai naye mkeka mmoja, humtazami usoni. Mkikutana njiani unaingia porini kumpisha. Halafu ndiye mfanyakazi wangu, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Nikawa akiingia mimi nageukia ukutani. Nikiwa na la kumwambia, namwambia jirani yake kwa sauti, na yeye anasikia. Nilijiona nina adabu kuliko vijana wote wa kijiji.

Kazi yake ilikuwa ya haraka kupita wote. Mpaka siku marobota mawili yaliporudishwa kutoka kituo cha kununulia. Yamefunguliwa katikati, yana ukungu mweupe na yananuka kama mkeka uliolala mvuani. Karatasi zote mbili zina jina lake, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita.

"Mkaguzi amesema likirudi robota jingine moja, tumbaku yote ya kijiji inawekwa kando mpaka ikaguliwe upya. Umeshaongea na huyo mama?"

"Bado."

"Anamwagia majani maji. Hata mtoto anajua. Leo Alhamisi. Jumatatu mchana nataka jibu. Ukishindwa, namtoa mimi kwenye mkutano, mbele ya watu."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Mama wa mchumba wako akisimamishwa mbele ya kijiji na kuitwa mharibifu, ukiwa wewe ndiye msimamizi wake, binti humpati tena. Na nikimwambia mwenyewe vibaya, binti simpati vilevile. Kila njia niliyoitazama ilimwondoa Nyamizi.

Nikafanya anachofanya kila mwoga. Nikamtuma mtu.

Mzee Pazi ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, ni watani tangu enzi za misafara ya miguu kwenda pwani. Mtani anakwambia lolote, hata msibani, na huna ruhusa ya kununa. Nikasema huyu ndiye dawa yangu. Nikamwomba.

Kesho yake bandani, watu wote wapo, Pazi akapanda juu ya robota lake, akamwelekea mama mkwe, akaanza.

"We Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka kwetu pwani, na mito yote ile, hazikulowa hata moja. Wewe jani tu unalinywesha maji kama ndama?"

Banda zima likacheka. Mama yule akamjibu bila kuinua hata kichwa.

"Na babu zako wakati huo walikuwa wapi? Wamekaa pwani wanatungoja. Ndiyo maana mpaka leo kazi yako ni kukalia marobota tuliyofanya sisi."

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Pazi mwenyewe alicheka akakaribia kuanguka.

Halafu mama akachota maji kwenye kibuyu, akanyunyizia majani yake, akaendelea na kazi.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijakiona kwenye ushauri wenu. Neno la utani halishikwi. Ndiyo raha yake, huwezi kulichukia. Lakini kwa sababu hiyohiyo huwezi kulitii. Lilipita juu ya vichwa likatoka dirishani.

Lililobaki ni jambo moja tu: kila mtu alijua ni mimi niliyemtuma.

Jumapili nikakutana na Nyamizi kisimani. Yeye haya hakupewa, alipewa mdomo. Akatua ndoo.

"Mama anauliza kama una mdomo."

Nikainama nikajifanya naosha miguu.

"Nitamjibu nini? Nimwambie nimeuona lakini haufunguki?"

"Nyamizi, yule ni mkwe wangu. Nitamsemesha vipi?"

"Mzaramo ulimsemesha vizuri tu."

"Siwezi kukaa naye uso kwa uso."

"Nani kakwambia ukae naye uso kwa uso? Kesho jua likitoka anashusha majani kwenye bani la mwisho, yuko peke yake. Wewe kaa nje, yeye yuko ndani. Ukuta nao umeposa?"

Akajitwika ndoo yake akaondoka. Alipofika mbele kidogo akageuka. "Na usimzungushe. Hapendi."

Usiku ule niliandika maneno yangu kwenye daftari. Ukurasa mzima. Kuanzia salamu, hali ya hewa, umuhimu wa kilimo kwa taifa, mpaka ukungu ulikuwa mstari wa mwisho kabisa.

Jua lilipotoka nikafungua kufuli, nikazunguka nyuma mpaka akaingia. Bani lina tundu za hewa chini ya ukuta, sauti inapita vizuri. Nikakaa chini, mgongo kwenye matofali, uso kuelekea porini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri."

Nikasikia anatua fito zilizotundikwa majani.

"Ziliisha mwezi wa nne. Umekuja kunieleza mvua?"

Nikalifunga daftari.

"Mama, marobota mawili yamerudi yana ukungu. Yote ni ya meza yako. Mwenyekiti anasema ni maji."

Sasa nilikuwa nimeshasema. Nikafumba macho nikingoja ukuta uniangukie.

Haukuanguka. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Funguo za mabani anakaa nazo nani?"

"Mimi."

"Msimamizi wa zamani alikuwa anafungua milango ya mabani jogoo wa kwanza akiwika. Umande unaingia, jani linalegea lenyewe, tukilishika halivunjiki. Wewe unafunga kufuli mpaka jua litoke."

Wakuu, ni kweli. Nilifunga kufuli kila siku. Nilidhani umande ndio unaleta ukungu, na nilijisifu kwamba mimi ni mwangalifu kuliko aliyenitangulia. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza mtu.

"Jani linatufikia kavu kama ganda la yai," akaendelea. "Halafu ukaandika ubaoni kwamba atakayevunja majani ataandikwa jina. Tufanyeje? Tukanyunyiza maji."

"Mnanyunyiza wote?"

"Wote. Yangu yamewahi kwa sababu mikono yangu inawahi. Ya wenzangu yako hapo stoo, hayajafunguliwa bado."

Nikahesabu kichwani. Stoo kulikuwa na marobota kumi na moja yanangoja lori la Jumatano.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo sauti yake ilipopanda kidogo.

"Ningekwambia kwa njia gani? Nikiingia unageukia ukutani. Ningeuambia mgongo wako?"

Hata wakati ule nilikuwa nimempa mgongo.

Sasa kijana uliyeuliza, soma hapa vizuri. Nilitamani kuomba radhi, nikimbie, yaishe. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na ningeweza kuliacha la kwake lipite kwa sababu nilikuwa na aibu. Lakini maji ni maji. Hata ningefungua mabani yote, mkono uliozoea kibuyu usingeacha wenyewe.

Nikasema: "Kufuli ni kosa langu. Kuanzia kesho nafungua jogoo wa kwanza. Hata hivyo mama, maji yakome leo. Kwako na kwa wote."

Nikasikia anashusha ufito mwingine.

"Haya," akasema. "Sasa umesema. Yamekoma."

Basi. Maneno mawili matatu. Niliyaogopa siku nne, hayakuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Nilibaki nimekaa palepale. Wenzake walipofika kubeba majani nikamsikia akiwaambia: "Vibuyu vitoeni bandani. Mkwe wangu kasema maji basi." Mmoja akaguna. Akamjibu: "Usigune, nenda kagune kwake, yuko nyuma ya ukuta huo."

Hakuna aliyekuja.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kabla ya mchana. Nikamwambia kosa limeanzia kwangu, na kwamba marobota yote ya stoo yafunguliwe kabla ya lori. Nikajua usimamizi wangu umekwisha.

"Huyo mama amesemaje?"

"Ameacha."

"Basi mkutano wa nini," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Tulifungua yote kumi na moja. Matano yalikuwa na unyevu ndani, bado hayajashika ukungu. Tukayaanika, tukayachambua upya, Pazi akashindilia huku anatutukana kabila zima. Lori tuliliomba lije Jumamosi. Hakuna robota jingine lililorudi msimu ule.

Nyamizi nilimwoa baada ya mavuno. Mama yake alifanya kazi chini yangu misimu mingine minne, na mambo yetu yote ya kazi tuliongea hivyohivyo, mimi nje yeye ndani. Watu walituzoea. Alikuwa akiwa na la kuniambia anagonga ukuta kwa fito mara mbili, nami nakwenda kukaa. Mara nyingi alikuwa na la kuniambia.

Kijana, barua usiandike kwanza. Mtu usimtume. Nenda mwenyewe, tafuta namna ya kukaa ambayo nyote wawili mnaweza kupumua, jambo lenyewe liseme mapema, halafu nyamaza usikie. Ukikuta kosa lako, likubali. Lakini la kwake nalo limalizie, usiliache katikati kwa sababu ya aibu. Yeye mwenyewe anasubiri ulimalize.

Nyie mliowahi kuongoza watu waliowazidi umri, mlifanyaje? Na zaidi nataka kusikia kwa mliowahi kuambiwa: mlitamani bosi wenu awaambie vipi? Andikeni, nasoma yote.