Barua za Koko kwenye Kioo Cheusi

Juzi nilipita sokoni Newtown, hapa Johannesburg, nikaona kibodi ya zamani imelazwa kati ya redio mbovu na pasi. Niliibonyeza kidogo tu. Mlio wake mzito ulinirudisha moja kwa moja kwenye ofisi ya kanisa letu kule Observatory, nikiwa na miaka tisa, miguu haifiki sakafuni.

Ofisi ile ilinukia nta ya sakafu. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu hata kwa wakati ule: kioo cheusi, maandishi ya kijani, hakuna picha wala kipanya. Anti Wanjiku, Mkenya aliyefanya kazi benki na kujitolea kanisani kila Jumamosi, ndiye aliyenifundisha programu ya barua pepe. Herufi C, unaanza barua mpya. Ctrl na X, unatuma. Kabla haijatuma, mashine inakuuliza kama una uhakika, nawe unajibu kwa Y. Nilipenda sana swali lile. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina uhakika.

Mama yangu, aliyesuka nywele Yeoville, alikuwa anamtafuta mama yake, yaani Koko wetu. Vita vilipoingia Bukavu walipotezana, Mama akafika Johannesburg, mimi nikazaliwa huku. Sasa alikuwa amepata anwani ya parokia moja ya kwao yenye kompyuta. Akawa anasimama nyuma ya kiti changu, anasema, mimi naandika.

"Tuandike Kiingereza, Mama," nilimwomba. Shuleni nilikuwa mtu wa Kiingereza na Kizulu. Kiswahili nilikielewa, ila mdomoni kilinikwama.

"Koko hajui Kiingereza. Andika vile minasema."

"Basi Kifaransa?"

Anti Wanjiku akacheka. Programu ile haikuzijua alama ambazo Kifaransa huweka juu ya herufi. Barua za Kifaransa zilikuwa zinafika zimejaa alama za kuuliza katikati ya maneno. Kiswahili kilipita kizima.

Jumamosi saba tulifungua, hamna kitu. Mama alisema tu, "Sawa," akafunga kitambaa chake upya, tukarudi nyumbani kwa miguu. Jumamosi ya nane kulikuwa na mstari mmoja wenye herufi N pembeni, yaani mpya. Niliufungua, nikasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo: "Niko. Mguu unauma, lakini niko. Huyu anayeandika ni mtoto wa nani?"

Mama alikaa chini, palepale sakafuni, akilia na kucheka. Anti Wanjiku akapiga magoti akamshika mabega.

"Nimjibu nini?" niliuliza.

"Mwambie ni wewe," Mama alisema. "Mwambie jina lako."

Tuliandikiana miaka mingi, Koko akisema na mtawa mmoja akimwandikia. Safari moja Mama alisema "nakuota kila siku", mimi nikaandika "nakutoa kila siku". Koko akajibu, "Unanitoa wapi, mwanangu, na mimi sijaingia?"

Nilipokuwa chuoni, nilimkuta Mama kanisani akichapa mialiko ya harusi kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa kwenye karatasi. Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Kumbe Bukavu alikuwa katibu wa ofisi miaka sita.

"Sasa mbona uliniachia mimi kuandika?"

Hakuacha hata kuchapa. "Mie, mama yangu nilikuwa namujua tayari."

Nilionana na Koko mara moja tu, kule Bukavu, mwaka mmoja kabla hajafariki. Binamu zangu niliosafiri nao, wazaliwa wa Johannesburg kama mimi, walimshika mkono, wakatabasamu, kisha wakanigeukia niwatafsirie. Mimi nilikaa kitandani kwake, nikaukanda ule mguu, na tukaongea siku tatu nzima. Miaka yote ile nilidhani namsaidia Mama. Koko alinishika shavu akasema sauti yangu ni ileile aliyoizoea kwenye barua, ingawa hakuwahi kuisikia.