Saa ya Kutiwa Ufunguo

Jirani yangu fundi wa kuchomelea hupima kila kitu kwa sikio la kushoto, maana la kulia lilishachoshwa na nyundo. Geti akilimaliza huligonga, akatulia, akasikiliza. Leo dukani vidole vyake vyenye makovu ya cheche viliinua saa moja baada ya nyingine hadi kwenye sikio hilo.

"Kaka, unanunua saa au unapima wagonjwa?" muuzaji akamtania.

"Mwanangu kazaliwa juzi. Nataka itakayomfikisha utu uzima."

"Hongera, baba mtu. Nikufungie kama zawadi?"

"Usiifunge. Mama yake hataki nifike, hata jina la mtoto sijaambiwa." Akachukua moja nzito, akaitia ufunguo taratibu, akaivaa mwenyewe. "Siku atakayonitafuta, aikute inatembea."