Potopoto ya Germaine

Bibi yangu Germaine ananuka. Nasema wazi, juu miye njo ninalala naye. Kila mara akishuka mu train ya Bukama, nyumba yetu ya Kamina inajaa harufu ya mayai ya kuoza. Pwaa! Miaka kumi na mbili ku reli nilivumilia mafuta ya mashini, lakini ile potopoto, hapana!

Kazi yake njo hii: anaingia mu matete ya Bukama, mayi mpaka kifua, anasukuma tube ya plastiki chini, anatoa potopoto, anaandika urefu yake. Mita moja, mita mbili, kuko fasi inafika mita ine. "Kasanda," ananiambia, "matete inakufa, inalala mule miaka elfu, inafungia kaboni. Bakikausha, yote inarudia mu hewa, joto inaongezeka."

Sasa bakubwa balitaka kukata neno: matete ilindwe, ao ikaushwe balime muchele. Mama ya Germaine angali anavua samaki pale. Ushahidi ilikuwa tube makumi tatu za Germaine, ku biro ya projet yabo ya kupima matete.

Shefu yake, Jéthro, viatu yake haiyaonja mayi ata siku moja. Jana wageni balikuwa banakuya, akaamuru bamwage potopoto yote, baoshe tube. "Inanuka," anasema. Kisha mu rapport ya bakubwa akaandika, bila kupima: potopoto, santimeta makumi tatu tu. Muntu muzima, mwenye kusoma, hana haya! Germaine aliponiambia ile, nilipiga meza mpaka kikombe ikaanguka.

"Ule ni nyama, haiko muntu! Kutupa kazi ya bibi yangu juu ya pua yake!"

"Tulia," akasema. "Nilimujua tangu zamani. Niliweka tube ingine kumi, mifupi, pamoja inafanya mita ine, nyuma ya jikoni. Kesho naifungua mu mukutano ya bakubwa, mbele yabo bote."

Nilikuwa naokota kikombe; nikaiacha pale chini.

"Mu ile ndoo ya bleu?"

"Njo ile. Iko wapi?"

Nikamupeleka nyuma ya jikoni. Mboga yetu ya lengalenga ilikuwa muzuri, majani makubwa, udongo yake mweusi. Tube kumi ilisimama ku ukuta, safi kama glasi ya harusi. Niliiosha na sabuni siku ya Mungu, yeye angali Bukama; potopoto yote nilimwangia lengalenga.

Germaine akakamata moja, akanusa ndani.

"Juu ya nini, Kasanda?"



"Ilikuwa inanuka," nikasema.