Gobore la Baba Nililoliruka

Wanaume wanaokula kwenye mgahawa wangu hapa Biharamulo wote ni majenerali. Mmoja anauza mitumba, mwingine anaendesha lori la mkaa, wa tatu sijui anafanya kazi gani zaidi ya kukaa. Runinga ikionyesha vita vya huko mbali wanasahau hata ugali. "Oneni hiyo droni! Haina rubani! Jamaa kakaa ofisini na soda yake, anabonyeza tu, puu!" Wanashangilia utadhani limefungwa goli. Wanajua kombora lipi linafika wapi, kifaru kipi ni cha nani, rada ipi imepigwa chenga. Muulize mmoja wao mtoto wake yuko darasa la ngapi, ataanza kujikuna kichwa.

Nikichoka, nazima. "Aa, mama, ndiyo kwanza utamu ulikuwa unakolea!" Nawaambia utamu huo wakautafute kwa wake zao. Mimi silaha nazichukia, na sizichukii kwa kusimuliwa. Nyumba niliyozaliwa, kule Keza wilayani Ngara, ilikuwa nazo za zamani na za juzi, na hakuna hata moja iliyowahi kunifanyia jema.

Ya kwanza ilikuwa mkuki. Babu mzaa baba alikuwa mhunzi, aliufua mwenyewe kwa chuma cha jembe lililoisha. Ulisimama kando ya kitanda cha baba, na juu yake ulining'inia upinde na podo la mishale ambayo sumu yake ilishakauka zamani. Kwetu mwanamke hagusi vitu hivyo. Na kubwa kuliko yote, haviruki. Silaha ikiwa imelala chini, mwanamke anazunguka, hata kama ana ndoo ya maji kichwani na mtoto analia mgongoni. Nilipokuwa msichana mdogo niliuruka ule mkuki. Ulikuwa umelazwa mlangoni unapakwa mafuta, na mimi nilikuwa nakimbiza kuku. Loo! Mdogo wake baba alinizaba kofi nikaona nyota mchana. Mkuki haukulala ndani tena mpaka babu alipoutia motoni na kuufua upya, kwa sababu silaha iliyorukwa na mwanamke imekufa, na kilichokufa hakikai ndani. Nilikaa jikoni nikilia, nikiitazama miguu yangu iliyopauka. Kumbe miguu hii inaweza kuua mkuki! Sikumwambia mtu wazo hilo.

Halafu likaja gobore. Fundi mmoja wa upande wa Bukiriro alimtengenezea baba kwa bomba la maji na kitako cha mti. Lilikuwa la kushindilia: unamimina baruti mdomoni, unatia vipande vya chuma, unashindilia kwa ufito, halafu unamuomba Mungu. Baba alilitaka kwa ajili ya nyani na nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mahindi. Siku ya pili tu ya kulipiga, lililipukia nyuma, likamchoma shavu na kuliua sikio la kushoto. Tangu hapo tulimwamkia tukiwa upande wa kulia. Ukitoa shikamoo yako upande wa kushoto, ulionekana mtoto usiye na adabu. Nyani wenyewe walirudi wiki ileile.

Baada ya hapo tukazijua na bunduki za kivita. Miaka ile ya wakimbizi na iliyofuata, zilivuka mpaka zimefichwa kwenye magodoro, na majambazi wakawa wanateka mabasi kwenye misitu ya huku Biharamulo, mpaka magari yakawa yanapita kwa msafara, askari mbele. Shangazi yangu alirudi kutoka safari moja hana viatu wala sauti. Baba akasema sisi tuna gobore, hatumuogopi mtu. Nikalitazama sikio lake. Kitu cha kumimina na kushindilia, mbele ya bunduki inayomwaga risasi kama mtu anayepukuchua mahindi! Akalishindilia, akalipandisha juu ya boriti, pale juu ya kitanda, likamsubiri jambazi. Jambazi hakuja.

Baba alifariki kwa presha, chini ya boriti hiyohiyo. Mtoto wa kiume kwetu ni mmoja tu, mdogo wangu. Nyumba ikawa yake, akahamia na mkewe na watoto wake, wakalala chumba cha marehemu. Haukupita muda redio ikatangaza: wenye silaha bila kibali wazisalimishe kwa hiari polisi au ofisi ya kata kabla mwezi haujaisha, na hawataulizwa kitu. Baada ya hapo ni msako, na atakayekutwa nayo ni jela, tena siyo ya kwenda na kurudi.

Nilipanda gari siku iliyofuata. Nikamkuta baba mdogo, yuleyule wa kofi, amekaa kwenye kigoda cha nje kana kwamba nyumba ni yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nani kakuita?"

Nikamweleza habari ya redio. Akacheka kwa pua. Silaha za marehemu, akasema, hazitoki ndani kabla ya kuondoa matanga. Siku hiyo mrithi anakalishwa kwenye kigoda, anakabidhiwa mkuki, upinde na gobore, ndipo nyumba inapata mwenyewe. Kikitoka kimoja kabla ya hapo, nyumba imebaki uchi.

"Basi tuondoe matanga wiki hii."

"Ndizi za pombe hazijakomaa."

"Baba mdogo, serikali haitasubiri ndizi zako zikomae!"

"Wewe umeolewa," akasema. "Kelele zako kapige kwa mumeo."

Mume wangu nilishamzika, naye anajua, alikuwepo. Nikatoka kwenda migombani kupoza moyo, mdogo wangu akanifuata. Alikuwa amekonda, macho yamemtoka.

"Dada, wakija wakalikuta, wa kufungwa ni mimi. Nina watoto. Fanya kitu, wewe wanakuogopa."

"Kwa nini usilitoe mwenyewe?"

"Mimi ndiye mrithi. Nikilitoa kabla ya matanga, atasema nimeivua nyumba, na kigoda anakichukua yeye. Nakuomba, dada." Akanishika mikono yote miwili.

Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya kuku.

Kesho yake mchana wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani, baba mdogo katikati. Nikaingia chumbani, nikapanda kitandani, nikalishusha gobore. Zito, limejaa masizi na utando wa buibui. Nikalitoa kwa mikono yangu, nikalilaza mlangoni mbele yao wote. Nikapandisha kitenge hadi magotini. Nikaliruka. Nikageuka, nikaliruka tena kurudi, asije mtu akasema hakuona.

Mayowe yaliyofuata hayaelezeki! Mzee mmoja alifunika uso. Wifi yangu alidondosha sufuria. Baba mdogo alisimama, akaniita mchawi, akaniita kisirani, akamlaani hata mama yangu aliyelala kaburini. Nikamngoja amalize.

"Umemaliza?" nikamuuliza. "Sasa nyie wazee wa mila niambieni. Limerukwa na mwanamke. Linakaa ndani au linatoka?"

Mkuki uliorukwa unarudi motoni, unafuliwa upya. Gobore ukilitia motoni linakuua wewe. Walitazamana mpaka mzee aliyefunika uso akasema kwa sauti ndogo, "Linatoka." Na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyekubali kugusa maiti ya silaha, nikalifunga mwenyewe kwenye mkeka, nikaita bodaboda.

"Mama, unahama na mchi?" dereva akanitania.

"Endesha."

Nilikaa nimeliegemeza begani kwake njia nzima, kwenye yale mashimo ya Keza. Ofisi ya kata walikuwepo mtendaji na askari wawili, na nyuma yao rundo. Magobore kama la kwetu, mengine yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Bastola moja yenye kutu. Na bunduki ya kivita imefungwa kwenye nailoni, safi, imepakwa mafuta, mtu ameitunza kuliko anavyomtunza mkewe.

Askari alilipokea la kwetu, akachungulia mdomo wake, akaruka nyuma. "Tokeni nje! Wote!" Tukakimbilia barabarani. Alilishughulikia peke yake nyuma ya ofisi, jasho linamtoka, na aliporudi alikuwa na mfuniko wa ndoo mkononi. Humo ndani mlikuwa na baruti, misumari iliyokatwakatwa na goroli za baiskeli.

"Nani alikuwa analala karibu na kitu hiki?"

Nilikuwa nawafikiria watoto wa mdogo wangu, wanavyorukaruka kwenye kile kitanda asubuhi, na boriti inavyotikisika. Nikamfikiria na yule kijana wa bodaboda, na mdomo wa gobore ukigonga bega lake katika kila shimo. Nikatapika pale pale barabarani.

Ndizi zikakomaa, matanga yakaondolewa. Nilikwenda. Wanawake walinipisha mkekani kwa kunipa mgongo. Mdogo wangu akakalishwa kwenye kigoda, akapewa mkuki, akapewa upinde, akapewa kibuyu cha pombe na mrija wake. Baba mdogo akauliza:

"Kabla hujanywa. Dada yako, ulimtuma wewe?"

Mdogo wangu alitazama ndani ya kibuyu. Nilidhani atasema. Walahi nilidhani atasema.

"Sikumtuma," akajibu. "Ni kichwa chake."

Akanywa. Neno lilikuwa limeshanifika kwenye meno. Ningelitoa, kigoda kingeondoka pale pale, nyumba ingekwenda kwa yule mzee, na watoto wangelala nje. Nikalimeza, linanikwaruza hadi leo. Baba mdogo akatangaza kwamba mguu wangu usikanyage tena ua ule. Nikachukua kitenge changu nikaondoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyenisindikiza.

Msako ulikuja kama redio ilivyosema. Kwa mdogo wangu walipekua mpaka darini, wakauona mkuki, wakaucheka, wakaenda zao. Jirani yetu, ambaye naye alikuwa anasubiri matanga ya baba yake, alitoka na pingu. Mkewe hupita kwenye mgahawa wangu anapotoka kumtazama gerezani. Anakula kidogo sana. Kila akija ananiuliza, "Wewe ulipata wapi ujasiri?" nami namwongezea mchuzi.

Juzi mdogo wangu alikuja mjini na wenzake kutafuta mbegu. Wakaingia kwangu, sijui hakujua ni kwangu au alijitia hamnazo. Hakuniamkia. Aliagiza kama mgeni yeyote: ugali, nyama, mchicha. Nikampelekea. Runinga ilikuwa inaonyesha kombora linaruka, na wanaume wote wameinua shingo, yeye pia. Nilisimama nikaitazama mikono yake inavyomega tonge. Safi, haina alama hata moja ya pingu kwenye vifundo.

Nikazima runinga. Wakaguna. Nikamwekea mdogo wangu kipande kingine cha nyama, kikubwa, nikasema kwa sauti wote wasikie:

"Kula, baba. Leo ungekuwa unakula maharage ya serikali."

Wenzake wakamgeukia. "Anakufahamu huyu mama?"

Aliinama kwenye sahani.

"Hapana," akasema, na akaendelea kula.